Kanisa la duara la Østerlars, kisiwani Bornholm: tulisome jengo lenyewe kabla ya kusikiliza uvumi

Mleta uzi

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Naanzisha uzi huu kwa sababu kila picha ya kanisa la Østerlars inapopita mitandaoni, maelezo yanayoandamana nayo huwa ni yale yale ya hazina iliyofichwa, hesabu za siri na mashujaa wa Vita vya Msalaba. Nimefika pale mara mbili, mara ya pili nikashinda kutwa nzima, na nimetoka nikiwa na hakika kwamba jengo lile linajieleza vizuri kuliko uvumi wote unaolizunguka, mradi mtu awe na subira ya kulisoma kuanzia sakafuni hadi paani. Nitaandika kwa urefu, nawaomba mnivumilie.

Tuanze na mahali penyewe. Bornholm ni kisiwa cha Denmark chenye ukubwa wa kilomita za mraba 588, lakini ukikitafuta kwenye ramani jirani na sehemu nyingine za nchi hiyo hutakiona. Kiko mbali upande wa mashariki, katika Bahari ya Baltiki, kusini mwa Uswidi na kaskazini mwa Polandi. Msafiri anayetoka Copenhagen kwa barabara huvuka kwanza daraja la kuingia Uswidi, huenda hadi bandari ya Ystad, kisha hupanda feri inayotumia kama saa moja na dakika ishirini kufika Rønne, mji mkubwa wa kisiwa. Kisiwa kilichokaa hivyo, katikati ya njia za wafanyabiashara wa bahari ile, kilikuwa pia katikati ya njia za maharamia, na hilo tutalirudia.

Jambo la pili ni mawe. Tukiacha Greenland na visiwa vya Faroe, Bornholm ndiyo sehemu pekee ya Denmark ambako mwamba wa granaiti umejitokeza juu ya ardhi. Kwingineko ni udongo, mchanga na chokaa laini, ndiyo maana makanisa mengi ya Denmark ya baadaye yalijengwa kwa matofali ya kuchoma. Mkulima wa Bornholm hakuhitaji kusafiri kutafuta jiwe, kwa kuwa alilikuta shambani kila alipolima. Kusini mwa kisiwa kuna pia mawe ya chokaa, ambayo yanachongeka, na yakichomwa hutoa chokaa ya kujengea. Waashi wa karne ya 12 walizitumia aina hizo mbili kwa akili: granaiti kwa unene wa ukuta, na mawe ya chokaa pale palipohitaji mstari safi, kama vile kwenye milango, madirisha na matao.

Jambo la tatu ni la kijamii, na kwangu ndilo muhimu kuliko yote. Katika sehemu kubwa ya Denmark ya Zama za Kati watu waliishi vijijini, nyumba zikiwa zimekusanyika na kanisa likiwa katikati yao. Bornholm haikuwa hivyo. Kila familia iliishi peke yake katikati ya shamba lake, na kutoka boma moja hadi jingine kulikuwa na mwendo. Kwa hiyo kanisa lilisimama shambani, si kijijini, na hadi leo ukifika Østerlars, kilomita chache kusini mwa mji mdogo wa pwani wa Gudhjem, unaliona kanisa kwanza na nyumba baadaye: duara kubwa jeupe lenye paa jeusi la umbo la pia, na mashamba ya nafaka pande zote.

Sasa historia kwa ufupi. Mwandishi wa kanisa wa karne ya 11, Adam wa Bremen, anaeleza kwamba watu wa Bornholm waliingizwa katika Ukristo na Askofu Egino, aliyekuwa Dalby na baadaye Lund, katika eneo la Skåne ambalo sasa ni Uswidi. Hiyo ni karibu na miaka ya 1060. Mwaka 1149 mfalme alimkabidhi Askofu Mkuu Eskil wa Lund wilaya tatu kati ya nne za kisiwa. Ni katika miaka hiyo, katikati ya karne ya 12, ndipo makanisa ya mawe yalipoanza kusimama kisiwani, na Østerlars kwa kawaida huwekwa karibu na mwaka 1160. Lilitolewa kwa heshima ya Mtakatifu Laurenti, shemasi aliyeuawa Roma mwaka 258, ambaye kwa matamshi ya Kidenmaki amekuwa Lars. Neno "øster", yaani mashariki, lilihitajika kwa sababu upande wa pili wa kisiwa kuna Nylars, ambalo licha ya kufanana kwa jina ni kanisa la Mtakatifu Nikolasi.

Makanisa ya duara kisiwani yako manne: Østerlars, ambalo ndilo kubwa kuliko mengine, Nylars, Olsker na Nyker. Olsker, la Mtakatifu Olaf wa Norwe, ndilo refu zaidi, kiasi cha mita 26, na limesimama juu ya kilima hivi kwamba mabaharia huliona kutoka mbali. Nyker ni dogo, lenye ghorofa mbili tu. Denmark nzima imebakiwa na makanisa saba ya duara ya Zama za Kati, na hayo mengine matatu ni Bjernede, Thorsager na Horne.

Naendelea na jengo lenyewe katika chapisho linalofuata.

Mleta uzi

Ghorofa ya chini. Unaingilia kwenye chumba kidogo cha mlangoni ambacho Wadenmaki hukiita "våbenhus", yaani nyumba ya silaha, kwa sababu ya mapokeo kwamba wanaume waliacha silaha zao hapo kabla ya kuingia ibadani. Hapo ndipo yalipo mawe ya kumbukumbu yenye herufi za runi. Moja lilisimamishwa na wana kwa ajili ya baba yao Sigmund, na maandishi yake yanawaomba Kristo, Mtakatifu Mikaeli na Maria Mtakatifu waisaidie roho yake. Nilikaa mbele ya jiwe hilo muda mrefu. Herufi ni zile zile zilizotumiwa na mababu waliokuwa bado hawajabatizwa, umbo la jiwe ni lile lile, ila maneno yamekuwa sala.

Ukishavuka mlango wa ndani, jicho linakwama. Mtu aliyezoea kanisa la mstatili hutegemea kuona altare moja kwa moja mbele yake. Hapa anakutana na nguzo nene ya katikati inayopanda hadi kugusa dari, na kuizunguka kuna njia pana ya duara iliyofunikwa na dari la tao. Dari hilo linaanzia kwenye ukuta wa nje na kutua juu ya nguzo, likizunguka mduara wote kama pete. Ni pale unaposogea ndipo unapogundua kwamba nguzo ile si nguzo ya kujaa: ni uwazi. Imetobolewa matao sita ya nusu duara, na ndani yake kuna chumba kidogo kinachoitwa "Ovnen", yaani Tanuri. Ndani ya Tanuri ndimo lilimo birika la ubatizo. Nawaomba mfikirie jambo hilo kwa makini: mahali pazito kuliko pote katika jengo, pale ambapo uzito wa ghorofa zote unashukia, ndipo palipofanywa mahali pa kumpokea mtoto mchanga.

Upande wa mashariki wa duara kubwa kumeunganishwa sehemu ya altare, ambayo nayo si ya mraba bali ina umbo la yai, na nyuma yake kuna kiduara kidogo zaidi kinachofunga jengo. Ukilitazama kutoka juu, kanisa lote ni maumbo matatu ya mviringo yanayopungua ukubwa, moja likiegemea jingine. Hakuna kona hata moja katika mpango wa awali wa jengo.

Ghorofa ya kati. Ngazi ya kupandia imejengwa ndani ya unene wa ukuta, na unene huo unakaribia mita 2. Nilipopanda, bega la kulia na la kushoto yaligusa jiwe kwa wakati mmoja, na ilinibidi nigeuke ubavu pale kijana aliyekuwa akishuka alipotaka kupita; yeye alirudi juu na kunisubiri, maana hakukuwa na namna nyingine. Vidato havilingani kimo. Mwanga ni kidogo sana, na hewa ina baridi hata mwezi wa Agosti. Mtu mmoja mwenye mkuki akisimama juu ya ngazi ile anaweza kuwazuia wengi, kwa kuwa watamjia mmoja mmoja. Chumba cha juu chenyewe ni kitupu, cha mawe yasiyopambwa, na katikati ile nguzo inaendelea kupanda.

Ghorofa ya juu. Hapa ndipo palipo na ushahidi wa ulinzi. Juu kabisa kuna ujia wa duara kati ya kuta mbili, na ukuta wa nje una nafasi za kuchungulia. Paa la umbo la pia tunaloliona leo si la mwanzo. Liliwekwa baadaye, na kabla yake sehemu ya juu ilikuwa na ukingo ambao walinzi waliweza kusimama nyuma yake na kutazama nje. Anayetaka kuuona mpangilio huo vizuri zaidi aende Nylars, ambako ujia wa juu umehifadhiwa kwa namna iliyo rahisi kuifuata.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakushukuru kwa uzi huu ulioshiba. Nina swali la mtu asiye mtaalamu. Kwa nini wajisumbue kujenga duara? Kwa akili ya kawaida, nyumba ya kona nne ndiyo rahisi: unavuta kamba, unapiga mistari, unaanza. Na je, hao waliohofiwa kiasi cha kuweka walinzi juu ya kanisa walikuwa ni akina nani?

Mleta uzi

Ndugu yangu, swali lako la kwanza ndilo linalogawa wataalamu, kwa hiyo nitalijibu kwa hatua.

Kuhusu ujenzi, duara si gumu kama linavyoonekana. Unapigilia kigingi kimoja katikati, unafunga kamba, unazunguka, na mpango wote umekwisha kuchorwa ardhini. Ugumu wa nyumba ya mawe uko kwenye kona, kwa sababu kona inahitaji mawe makubwa yaliyochongwa sawasawa ili kufunga kuta mbili, na granaiti ya shambani haichongeki kwa urahisi. Ukuta usio na kona unaweza kujengwa kwa mawe ya kuokota yaliyopasuliwa tu, yakalazwa ndani ya chokaa nyingi. Maelezo kama hayo hutolewa pia kwa minara ya duara ya makanisa ya mashambani ya Norfolk na Suffolk kule Uingereza, ambako jiwe la kuchongwa lilikuwa adimu. Hata hivyo nakiri kwamba sababu hii peke yake haitoshi, kwa kuwa makanisa mengine ya kisiwa hicho hicho, yakiwemo ya enzi hiyo hiyo kama kanisa la Aa huko Aakirkeby, yana kona nne kama kawaida.

Kuhusu maana, mfano mkuu wa kanisa la duara katika Ukristo ni Kanisa la Kaburi Takatifu la Yerusalemu, lenye ukumbi wa duara unaozunguka kaburi la Kristo. Watu wa kaskazini walilifahamu. Mfalme Erik Ejegod wa Denmark alifunga safari ya kwenda Yerusalemu na kufia Kupro mwaka 1103, naye mfalme Sigurd wa Norwe alifika Yerusalemu mwaka 1110. Katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, kuna magofu ya kanisa la duara la Orphir lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 12, ambalo huhusishwa na mtawala wa huko aliyekuwa amehiji Yerusalemu. Kwa hiyo mtu aliyejenga kanisa la duara kwa heshima ya Mungu mwaka 1160 alikuwa akifuata kielelezo kilichojulikana na kuheshimiwa.

Kuhusu hofu, walikuwa ni Wawendi, yaani makabila ya Kislavoni ya pwani ya kusini mwa Baltiki, ambao katika nusu ya kwanza ya karne ya 12 walishambulia pwani za Denmark mara kwa mara wakichukua mali na mateka. Wadenmaki nao walifanya vivyo hivyo upande wa pili, tusiwasahau. Mwaka 1168 Mfalme Valdemar wa Kwanza na Askofu Absalon waliiteka Arkona, mahali patakatifu pa Wawendi katika kisiwa cha Rügen, na hatari hiyo ikapungua sana. Ukiangalia miaka, utaona kanisa la Østerlars lilijengwa wakati hofu ilipokuwa juu. Wala hatari haikuisha kabisa, kwa kuwa mwaka 1259 Jaromar, mtawala wa Rügen, aliivamia Bornholm na kuibomoa ngome ya Lilleborg katikati ya kisiwa.

Mchangiaji wa pili

Naheshimu maelezo yako, lakini naona unaikwepa hoja kubwa. Wapo watafiti wanaosema kwamba makanisa haya manne yamepangwa kisiwani kwa vipimo vya siri, na kwamba mashujaa wa Hekalu, yaani lile shirika la watawa wapiganaji wa Vita vya Msalaba, walihusika. Duara, nguzo yenye matao sita, mpangilio wa makanisa kwenye ramani: unataka kusema vyote hivyo vimetokea kwa bahati tu? Aidha, kama kweli ilikuwa ngome, mbona hujatuambia walikunywa maji wapi?

Mleta uzi

Ndugu, sikwepi. Hakuna hati yoyote ya Zama za Kati inayoihusisha Bornholm na Shirika la Mashujaa wa Hekalu. Anayezishikilia nadharia hizo huanza na ramani na rula. Makanisa ya mashambani yapo mengi kisiwani. Ukichagua manne na kuacha mengine, ukaruhusiwa pia kuongeza kilele cha mlima au kisiwa kidogo pale mstari unapokataa, utapata umbo lolote unalolitaka. Mimi naona nadharia hizo zinawadhulumu wakulima na waashi wa kisiwa, kwa sababu zinawapokonya kazi yao na kuwapa wageni wasioacha hata alama ya mguu.

Swali lako la maji, kwa upande mwingine, ni zuri sana, na nalichukua kwa mikono miwili. Nafasi ya ghorofa za juu haitoshi kuwahifadhi watu wa parokia nzima na mifugo yao kwa majuma kadhaa, na mtu asitazamie kuona kule juu stoo, jiko au kisima cha kuwawezesha kuishi. Kwa hiyo anayeliita kanisa hili ngome, kwa maana ya mahali pa kuzingirwa na kustahimili, anakosea. Kwa ajili hiyo kisiwa kilikuwa na ngome za kweli, kama Gamleborg na Lilleborg msituni, na baadaye Hammershus, ngome kubwa iliyo juu ya majabali ya pwani ya kaskazini. Lakini wavamizi wa baharini hawakuja kuzingira. Walishuka alfajiri, wakapora, na wakaondoka kabla watu wa maboma ya mbali hawajakusanyika. Dhidi ya uvamizi wa saa chache, ukuta wa mita 2, mlango mmoja mzito na ngazi ya mtu mmoja vinatosha kabisa.

Ongezeni na matumizi ya siku za amani. Watu walioishi mbalimbali hivyo hawakuwa na jengo lingine la mawe la pamoja. Chumba kikavu kisichoshika moto kirahisi, kilicho juu ya ardhi na chenye ngazi inayolindika, kilifaa kuweka nafaka, vitu vya thamani vya ibada na mali ya wenye nazo. Pia tusisahau kwamba kanisa la mawe lilikuwa tangazo la uwezo wa mtu. Kule Bjernede, katika kisiwa cha Sjælland, kuna maandishi yanayoeleza kwamba Ebbe alijenga kanisa la mbao na mwanawe Sune akajenga la mawe. Hao walikuwa wa ukoo wa Hvide, miongoni mwa wenye nguvu kubwa Denmark. Sioni sababu ya kudhani kwamba wakuu wa Bornholm walikuwa na hamu ndogo ya kuonekana. Sala, ghala, mnara wa kuchungulia na heshima ya mwenye mali: jengo moja liliyabeba yote, na sidhani kama waliolijenga waliona mgongano wowote ndani yake.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni katekista, na kinachonigusa ni ibada. Kama katikati ya kanisa kuna nguzo nene hivyo, waumini waliwezaje kumwona padre altareni? Pia nimesikia kwamba kuna michoro. Ningeomba utueleze hilo, kwa maana wakulima wa wakati huo hawakuweza kusoma, na michoro ndiyo iliyokuwa katekisimu yao.

Mleta uzi

Umelitaja lile ambalo nilikuwa naliweka akiba, ndugu katekista.

Ni kweli kwamba nguzo inazuia macho. Ukisimama upande wa magharibi wa duara, altare huioni isipokuwa kwa kuchungulia kupitia matao ya Tanuri. Lakini tukumbuke kwamba katika karne ya 12 watu hawakukaa kwenye mabenchi. Walisimama, walipiga magoti, walisogea. Misa ilikuwa kwa Kilatini, na waumini wengi waliifuata kwa sikio, kwa kengele na kwa mwendo wa maandamano kuliko kwa macho. Kwa maandamano, duara linafaa kuliko mstatili: unazunguka na kurudi ulipoanzia bila kugeuka. Mabenchi yaliyopo leo yamelazimika kupangwa kuufuata mduara, na ukikaa utamwona jirani yako vizuri kuliko unavyomwona mchungaji.

Michoro iko juu ya matao sita, ikiizunguka nguzo kama mkanda, na huwekwa karibu na mwaka 1350. Inaanza na Malaika kumpasha habari Maria, inaendelea na kuzaliwa kwa Yesu, inapita maisha yake hadi mateso, na inaishia kwenye Hukumu ya Mwisho. Kwa hiyo mkulima aliizunguka nguzo kwa miguu yake akiyafuata maisha ya Kristo picha baada ya picha, na alipokaribia kumaliza mzunguko alikutana na hukumu. Hapo mchoraji hakuwa na haya: waliohukumiwa wako uchi, wamebanana, wakiburutwa kuelekea kwenye kinywa kilichoachama cha mnyama wa kutisha. Nilimsikia mtoto mmoja akimuuliza mama yake kwa Kidenmaki kwa nini watu wale hawakuvaa nguo, na mama akamjibu kwamba huko waendako nguo haziwasaidii.

Njia ya uchoraji nayo inafaa kuelezwa. Wadenmaki huiita michoro hii "kalkmalerier", yaani michoro ya chokaa. Ukuta ulipakwa chokaa, na rangi zikapakwa chokaa ikiwa bado na unyevu ili zishikamane nayo inapokauka na kugeuka tena kuwa kama jiwe. Baada ya Matengenezo ya Kanisa, yaani mageuzi yaliyoleta Uprotestanti, yaliyopitishwa Denmark mwaka 1536, michoro ilifunikwa kwa chokaa nyeupe. Ikafichuliwa tena mwaka 1882. Watu huhuzunika wakisikia kwamba ilifunikwa, lakini chokaa ile ile ndiyo iliyoilinda dhidi ya moshi wa mishumaa, mikono ya watu na mitindo iliyobadilika. Kwa upande mwingine, mafundi wa karne ya 19 walizoea kujaza mahali palipofifia kwa mkono wao wenyewe, kwa hiyo anayetazama mstari ulio mkali kupita kiasi asikimbilie kuuita wa mwaka 1350.

Wenye hamu ya michoro waende pia Nylars. Kule nguzo ina michoro ya karibu mwaka 1250, ya zamani zaidi kisiwani, na inasimulia Uumbaji hadi Adamu na Eva wanapofukuzwa bustanini. Mwenye nafasi ya kuyaona makanisa yote mawili kwa siku moja aanze na hilo, ndipo aje Østerlars, na atakuwa ameanza na Mwanzo na kumaliza na Hukumu.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni mwashi, nimefanya kazi miaka mingi kwenye nyumba za kale za chokaa huku pwani. Katika picha nimeona vipande vikubwa vya ukuta vilivyoegemezwa kanisani kwa nje kama magoti ya ng'ombe aliyelala. Je, hivyo vilikuwa vya ulinzi au vya kuzuia ukuta usianguke? Nauliza kwa sababu nimeona pia kwamba haviko sawa kwa ukubwa, na fundi anayejenga tangu mwanzo hafanyi hivyo.

Mleta uzi

Fundi, umeona sawasawa. Viko saba, havikuwepo katika mpango wa kwanza, na kazi yake ni kuushika ukuta. Watalii wengi huvipiga picha wakidhani ndivyo vinavyoonyesha ungome wa kanisa, kumbe vinaonyesha udhaifu wake.

Dari la tao lililozunguka kama pete linasukuma pande mbili. Upande wa ndani linasukuma nguzo, na kwa kuwa linaisukuma kutoka pande zote kwa usawa, nguzo inabaki imesimama. Upande wa nje linausukuma ukuta kutanuka, na ukuta wa mawe na chokaa, kama unavyojua kuliko mimi, hustahimili sana kukandamizwa lakini hauwezi kuvutwa. Pipa la mbao lina pete ya chuma ya kulifunga. Ukuta huu hauna. Ongeza ghorofa mbili juu, kisha paa zito la mbao ambalo waashi wa kwanza hawakulipigia hesabu, na karne kadhaa za mvua na baridi inayogandisha maji ndani ya nyufa. Ukuta ukaanza kulegea kwa nje, na watu wa parokia wakauwekea viegemeo pale ulipozidi kulalia. Hilo ndilo jibu la kutolingana kwake: waliyafuata mahitaji ya ukuta.

Mchangiaji wa nne

Ahsante, sasa nimeelewa. Naongeza neno la kazi tu. Ukuta wa chokaa hupumua. Maji yakiingia hutoka. Hapa kwetu nimeshuhudia nyumba nzuri zikiharibika kwa sababu mwenye nyumba alitaka uimara wa haraka akapiga plasta ya saruji juu ya chokaa, na unyevu ukafungiwa ndani hadi mawe yakaanza kumomonyoka kama biskuti. Kama ukuta ule umesimama zaidi ya miaka 850, nina hakika kuna watu wanaoupaka chokaa kila unapohitaji, na hao nao wanastahili kutajwa pamoja na waliojenga. Je, paa ni la nini?

Mleta uzi

Ni vigae vya mbao ya mwaloni, fundi, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki kuanzia ukingo wa ukuta hadi kwenye ncha. Ndani, ghorofa ya juu, unaona mbao za kulibeba paa zikiwa zimetawanyika kutoka katikati kama mbavu za mwavuli. Kengele hazimo humo; zina mnara wao peke yake pembeni mwa kanisa, nao ndio uliolia nikiwa bado juu, saa ya ibada ya jioni. Mtunzaji alinijia ngazini akaniomba kwa upole nishuke, kwa sababu kulikuwa na mtoto wa kubatizwa, na familia yake ilikuwa imeshaanza kuingia ndani ya Tanuri.